Zamu ya Nyanchera

Ukitaka kumjua Nyanchera usimuulize mwenyewe. Atakuambia yeye ni mtu wa kawaida tu, mke wa Ogoti, mama wa watoto watatu, halafu atakuuliza kama umekula. Waulize wanawake wanaochuma chai naye kwenye miteremko ya Ekerenyo. Watakuambia mikono yake ina kasi kuliko mdomo wake, na kwamba hajui kukataa. Hilo la pili ndilo lililomponza, na nalisema mapema ili asitokee mtu akadhani nasimulia habari za mwanamke mjinga. Nyanchera hakuwa mjinga. Alikuwa mwema kwa watu wasiostahili, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa.

Mwaka wenyewe ulimkuta na kichanga mgongoni, Kerubo, aliyezaliwa mwezi wa kumi na mbili. Juu ya Kerubo alikuwepo Mokua, mvulana wa miaka minne ambaye huanza kuongea kabla hajafungua macho asubuhi. Mkubwa wao alikuwa Purity, wa darasa la pili, mtoto mkimya, mwenye tabia ya kusimama mlangoni akitazama watu wazima wanavyofanya. Baba yao alikuwa mchuuzi wa ndizi. Ogoti alinunua mikungu kwa wakulima, akaipakia kwenye pikapu ya kukodi na kwenda kuiuza soko la Daraja Mbili, huko Kisii, na siku nyingi za wiki alilala hukohuko. Ijumaa kabla ya jua kutua lazima awe amerudi, kanyoa ndevu na kupiga viatu rangi, maana Ogoti ni Msabato wa kukaa kiti cha mbele.

Sasa, sehemu hizi shamba halichimbwi na mtu mmoja. Wanawake majirani hujiunga wakaunda kundi, nalo huitwa egesangio. Leo wote wako kwako na majembe yao, siku ya pili wote wako kwa mwenzako, hivyo hivyo mpaka kila mmoja awe amechimbiwa. Anayechimbiwa hupika. Hakuna anayelipwa hata senti. Malipo yako ni migongo ya wenzako itakayoinama kwako zamu yako ikifika. Mimi huona ni jambo zuri kuliko benki, mradi walio ndani wawe watu.

Kiongozi wa kundi la Nyanchera alikuwa Ruth, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Waliolewa mwaka mmoja katika ukoo mmoja, wakakopeshana chumvi, kiberiti na machozi. Kerubo alipozaliwa, Ruth ndiye aliyeita boda boda na kumshikilia Nyanchera nyuma ya pikipiki mpaka kwenye zahanati. Kwa hiyo mwezi wa kwanza, jua likiwa kali na ardhi imekauka, Ruth alipopanga zamu, Nyanchera alisikiliza kama anayesomewa Maandiko.

"Mama Purity," Ruth alimwambia, "wewe bado uko na mtoto mdogo. Siku yako utapikia watu saa ngapi, na utanyonyesha saa ngapi? Tuache zamu yako ikae mpaka mwezi wa nane. Hiyo msimu tutaanza na wewe."

"Na hii ya sasa nisikuje?"

"Ukiweza kuja, njoo. Zamu yako iko tu."

Akaja. Alikuja kila siku ya kuchimba na mtoto mgongoni, jembe mkononi, Mokua nyuma akiuliza kwa nini minyoo haina miguu. Alichimba kwa Ruth, akachimba kwa wengine wote, na shamba lake mwenyewe pale juu ya nyumba akaligusa jioni-jioni, akachimba nusu, nusu ikabaki majani. Watu walimwonea huruma kwa maneno. Asiye na mwana aeleke jiwe, walimwambia, na yeye anayeeleka mwana halisi akacheka na kuendelea kuchimba.

Kisha mvua za masika zikafungua, na hapo ndipo ungempenda Nyanchera. Chai ilichipua mpaka wachumaji wakakosa pa kuweka mikono. Alitoka na kikapu kukiwa na giza, akarudi amelowa mpaka kwenye mifupa, akakuta nyumba imegeuka uwanja wa watoto: nguo zisizokauka zimetundikwa kila mahali, Mokua amechora ng'ombe ukutani kwa mkaa, Purity anambembeleza Kerubo kwa wimbo wa shule ya Sabato. Siku moja mvua ya mawe iliyapasua majani ya migomba yakawa nyuzi nyuzi. Mokua akajaza barafu kwenye kikombe, akakifunika kwa sahani, akasema anamwekea baba yake. Ilipoyeyuka alilia, akamshtaki dada yake kwamba amekunywa. Nyanchera alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, nguo zikiwa bado zinamtiririka maji, na hakuna aliyekuwa na raha kumzidi siku ile.

Ni mwezi wa tano ndipo Ogoti alipoanza kuwa mwema. Mwanamume ambaye hajawahi kumnunulia mtu hata pipi alianza kuleta mkate, akabeba Kerubo mbele ya wageni, na kila Jumapili akamshika Purity mkono wakaenda wote wawili ng'ambo ya mto. Huko alikuwa na shamba aliloachiwa na nyanya yake, lenye kijumba kidogo. Alikuwa amekiezeka mabati mapya, akisema ni cha kuhifadhi ndizi zisinyeshewe kabla pikapu haijafika. Nyanchera hakuwahi kwenda. Mteremko ni mrefu, kupanda kwake ni adhabu, na kazi za huku juu zilimtosha. Alichofanya ni kumsifia mumewe kanisani mbele ya akina mama, kwamba siku hizi Ogoti anatembea na binti yake. Akina mama wakatazama viatu vyao.

Utaniuliza, kijiji kizima kikijua jambo, mwenyewe asijue vipi? Ndivyo dunia ilivyo. Habari huzunguka kila nyumba, na ikifika kwa mwenye habari huruka. Ndio maana wakubwa wakasema kikulacho ki nguoni mwako. Aliye mbali hana pa kukuuma.

Mwezi wa saba ukaja na baridi yake. Ukungu ulilala kijijini mpaka saa nne, watoto wakakohoa kwa zamu, na maisha yote yakahamia jikoni penye moto. Walichoma mahindi mabichi ya ile nusu ya shamba. Purity alimpukuchulia Mokua, yeye akala mwisho. Nyanchera alitazama rundo lililobaki darini na kuona kwamba halitavuka mwezi wa tisa. Chai ilikuwa imepungua kwa baridi, na ndizi Ogoti alisema hazina soko. Lakini hakuogopa, kwa sababu zamu yake ilikuwa inakuja. Wanawake saba, asubuhi moja, wangemaliza shamba lote la juu. Mvua za vuli zingekuta mbegu tayari, na Krismasi watoto wangekula mahindi na maharagwe ya kwao. Wasingechimba, hapangekuwa na chakula. Hesabu yake ilikuwa rahisi hivyo.

Sabato moja ya mwezi wa nane, baada ya ibada, alimfuata Ruth nje ya kanisa.

"Mama Omwenga, ni Jumanne, ama? Msichelewe. Hiyo udongo ya juu inakuwa ngumu jua ikitoka."

"Mungu akipenda," Ruth alisema, akainama kumfunga mtoto wake kamba za viatu.

Nyanchera akaenda zake akifurahia jinsi rafiki yake alivyo mcha Mungu.

Jumatatu alisaga wimbi. Jumanne kabla ya jogoo wa pili alikuwa jikoni: githeri ya mahindi na maharagwe kwenye sufuria kubwa ya kuazima, viazi vitamu, na uji wa wimbi mzito, wa kumfanya mtu achimbe mpaka asahau jina lake. Ogoti, ambaye usiku ule alikuwa amelala nyumbani, aliamka mapema kuliko kawaida. Akasema pikapu inamngoja barabarani, Daraja Mbili kuna soko kubwa. Wanaume wa namna hii siku ya matata huwa hawakosi soko la mbali. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Purity alipanga vikombe kwenye benchi, na Mokua akapewa kazi ya kusimama njiani ili akiona mtu apige kelele.

Mokua alisimama mpaka akachoka, akakaa, akaanza kucheza na mchwa. Jua likapanda juu ya migomba. Nyanchera alitoka mara ya kwanza kutazama njia, akarudi kukoroga uji, akatoka tena. Mara ya tatu hakurudi ndani. Upepo ulikuwa unatoka mtoni, na ulileta wimbo, wanawake wakiitikiana ule wimbo wa kuchimba ambao Ruth huuanzisha, kwa sauti ya Ruth mwenyewe.

Kitu cha kwanza alichofikiri ni kwamba amekosea siku. Nakuapia, hicho ndicho alichofikiri. Alimfunga Kerubo mgongoni, akawaambia watoto twendeni, nimewakosea watu. Akateremka njia yote akipanga maneno ya kuomba msamaha.

Ng'ambo ya mto aliwaona kwa migongo. Alikuwa amechimba nao mwaka mzima, aliwatambua hata wakiwa wameinama: yule anayechimba kwa mkono wa kushoto, yule mfupi anayetupa udongo nyuma, na Ruth mbele ya wote. Walikuwa wamefika katikati ya shamba la nyanya yake Ogoti. Kijumba cha ndizi kilikuwa na pazia dirishani. Mlangoni alisimama msichana mwenye kanga mbili kifuani, na kanga zile zilishindwa kuficha mimba. Mkononi alikuwa na jagi la uji.

Wimbo ulikatika kipande kwa kipande, kila mmoja akinyamaza alipomwona.

"Bwakire buya," Nyanchera aliwasalimu, kwa sababu mtu hupita penye kazi akasalimu. Aliitikiwa na wawili.

Ruth aliegemeza jembe. "Mama Purity."

"Hii ni zamu ya nani?"

"Ni ya boma ya Ogoti."

"Boma ya Ogoti ni wapi?"

"Sasa usinitafutie maneno," Ruth alisema. Alikuwa anaongea kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Zamu ni ya boma, si ya mtu. Alikuja kwangu wiki jana, akasema hii msimu zamu ya boma yake ichimbwe huku chini, kwa Linda. Ogoti ndio mwenye boma. Mimi ningesema nini?"

"Ungeniambia."

"Nilimwambia akuambie."

"Ruth. Ungeniambia wewe."

"Mambo ya nyumba ya mtu siingiliangi."

Nyanchera aliwatazama mmoja mmoja, na mmoja mmoja walipata kitu cha kukwangua kwenye jembe. Aliuliza yule msichana amekuwepo tangu lini. Alijibiwa na mama mzee kuliko wote, ambaye alikuwa amechoka kudanganya: tangu chai ilipokuwa nyingi, kwanza alikuwa anakuja Jumapili kutoka Kisii, siku hizi amehamia. Basi ilikuwa tangu mwezi wa tano. Mwezi wa tano walikuwa wanapalilia kwa Ruth, mvua inanyesha, naye Nyanchera alimaliza mistari ya Ruth kwa sababu Ruth alisema kiuno kinamuuma. Wote waliokunywa uji chini ya paa la Ruth siku ile walijua. Walicheka naye, wakambebea mtoto, na walijua.

"Jembe langu lilipokuchimbia," alisema, "lilikuwa la boma ama lilikuwa langu?"

Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wa mtoni alipewa majembe saba, na mikono ya kuyashika, na yote yalikuwa yamelipiwa na mwanamke mwingine.

Linda alikuwa ameweka jagi chini. Alikuwa mdogo, pengine hajafika miaka ishirini na miwili, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Dada," alisema kwa Kiswahili cha mjini, "mimi niliambiwa umekubali. Alisema wewe ndio umenipea hii siku. Nilikuwa nataka hata kukuja kukushukuru."

Nyanchera alitafuta hasira ya kumtupia, akakuta yote imeshikwa na wengine. Alitazama udongo. Walikuwa wamechimba kwa kina, wakatoa mizizi yote ya nyasi ya sangari na kuirundika pembeni, kazi safi kuliko walivyowahi kumfanyia mtu yeyote mwaka ule. Hilo lilimuumiza kuliko pazia na kuliko mimba. Alijua kwamba walichimba vizuri kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo ilikuwa mali yake, nayo pia wamempa mwingine.

"Purity," Linda aliita, kwa sauti ya mtu anayejaribu kuokoa jambo, "si uingie upee Mokua maji? Unajua penye iko."

Purity alijificha nyuma ya sketi ya mama yake, akaishika kwa mikono miwili. Ndipo Nyanchera alipoelewa zile Jumapili zilikuwa za nini.

Aligeuka akarudi juu. Kupanda kule kulimchukua muda mrefu, Mokua akilalamika miguu, Purity akitembea nyuma kabisa. Nyumbani aliwapakulia watoto githeri ya watu saba, wakala, Mokua akalala palepale kwenye benchi. Kisha akaingia chumbani, akatandika leso kitandani na kuanza kuweka nguo za Kerubo, kisha zake, kisha viatu vya Sabato vya Mokua. Kwao ni Nyansiongo, hakuna umbali. Mama yake angempokea, na Ogoti angekuja na wazee kuomba, au asije. Wanawake wengi wameondoka kwa makosa madogo kuliko lile. Alikuwa anafunga fundo la pili alipoona kivuli mlangoni.

"Mama, unaenda kwa nyanya?"

Nyanchera hakumtazama. "Yule mtu anakujuaje?"

Purity, ambaye humwita baba yake tata, alisugua kidole cha mguu sakafuni. "Tata alikuwa ananipeleka. Linda ananipikia chapati. Alinisuka ile nywele ya shule."

Ile nywele Nyanchera aliikumbuka. Ogoti alisema imesukwa na binti wa jirani, naye alituma parachichi za kushukuru.

"Na hukuniambia. Jumapili zote hizo, Purity. Hata wewe."

Sauti yake ilitoka vibaya kuliko alivyokusudia. Alikuwa amevumilia ya mumewe, ya Ruth na ya wale wanawake wote mpaka wakati huo bila chozi, lakini kwa hili la mtoto akakaa kitandani juu ya leso na nguo zake. Aliona kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja, kuanzia kanisani mpaka kitandani mwake, ambaye hakumficha. Hata huyu aliyemzaa mwenyewe alikaa naye jikoni baridi yote ya mwezi wa saba na neno lile mdomoni.

"Tata alisema nikikuambia utaenda kwa nyanya na hutarudi," Purity alisema. Alikuwa hatazami uso wa mama yake. Alikuwa anatazama fundo la leso. "Alisema utachukua Kerubo peke yake kwa sababu ananyonya. Kwa hivyo sikusema. Hata Mokua sikumwambia, na yeye anasumbua. Sikuambia mtu. Sasa mbona unaenda, na mimi sikusema?"

Nyanchera aliinuka, akafungua leso, akarudisha nguo mahali pake, za Kerubo kwanza. Viatu vya Mokua alivirudisha chini ya kitanda. Alichukua jembe lililokuwa limeegemea ukuta tangu asubuhi.

"Unaenda wapi?"

"Naenda kuchimba. Hapa juu tu."

"Hapa kwetu?"

"Hapa kwetu."

Udongo ulikuwa umeshakauka, mgumu kama alivyosema utakuwa, na jembe moja kwenye shamba lile ni kazi ya kulia. Alianzia pembeni mwa migomba, mtoto mgongoni. Purity alimfuata, lakini hakuja kusaidia wala kucheza. Alikwenda akakaa upande wa chini, kwenye ukingo, pale njia ya kwenda barabarani na kwa nyanya inapopita, mgongo wake ukielekea barabara na uso kwa mama yake. Alikaa hapo mchana wote. Kila Nyanchera aliponyoosha mgongo kupumzika, mtoto alisimama.